Cheni Inalia: Uanze Kutafuta Wapi?

Asubuhi unawasha gari, na kabla injini haijatulia unasikia chuma kikigongana upande wenye mabelti, sekunde mbili tatu hivi, kama muuza kahawa anayechezesha vikombe vyake akikata vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa. Halafu kimya. Kesho yake tena. Jirani akisikia anakwambia cheni ya taimingi imeisha, tafuta pesa. Ukipeleka gereji, fundi anakubaliana na jirani kabla hata hajafungua boneti.

Huenda wamesema kweli. Lakini mimi nimefungua kava za mbele za kutosha kujua kwamba kelele ya cheni mara nyingi huanzia kwenye oili, na kwamba swali la kwanza si "inalia wapi" bali "inalia saa ngapi": ikiwa baridi, ikiwa moto, ukikanyaga mafuta au ukiachia. Jibu la hilo linakupunguzia nusu ya kazi.

Kwanza, gari lako lina cheni kweli?

Swali linachekesha, ila nimeshaletewa Hiace yenye injini ya 5L na dereva anayetaka "cheni mpya". 5L inatumia belti. Hiace ya petroli yenye 1TR au 2TR ndiyo ya cheni. Corolla ya 110 yenye 5A ni belti. Ile ya NZE, pamoja na Probox, Fielder na Vitz nyingi zenye 1NZ au 2NZ, ni cheni. Premio ya 1ZZ ni cheni. Nissan Sunny na AD Van zenye QG ni cheni, na GA15 ya zamani zaidi ina cheni mbili, ya chini na ya juu. Subaru zenye EJ ni belti. Belti ina kilomita zake za kubadilishwa hata kama iko kimya kabisa. Cheni haina, nawe unaifuata kwa dalili. Ukichanganya hayo mawili utabadilisha kitu kizima au utaacha belti ikatike njiani Mariakani.

Inavyolika

Cheni inaunganisha krankishafti iliyo chini, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti iliyo juu, inayofungua valvu. Kranki ikizunguka mara mbili, kamu izunguke mara moja tu, wala isichelewe. Watu husema cheni "imevutika". Chuma hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na matundu yake, kila kiungo kidogo kidogo. Chukua cheni yenye viungo 120: kila kimoja kikilika milimita 0.02 tu, jumla ni milimita 2.4. Hapo ndipo kamu inapoanza kuchelewa nyuma ya kranki.

Kinachoikaza ni tenshena, kipistoni kinachosukumwa na springi pamoja na presha ya oili, chenye meno ya kukizuia kisirudi nyuma. Cheni inapita juu ya reli mbili za plastiki ngumu. Mafundi wa Kenya huziita "gaidi", na zikivunjika ndani ya injini jina linazifaa. Vyote hivyo, pini, kipistoni na reli, vinaishi kwa oili. Ikichelewa, ikipungua au ikichafuka, vinasagana vikavu.

Inalia wakati wa kuwasha tu, kisha inanyamaza

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi, na ndiyo inayowaponza watu wengi.

Usiku oili inashuka kutoka kwenye tenshena na kurudi chini kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Ukiwasha, cheni inalegalega mpaka presha ifike. Nchi za baridi mtu anaweza kusingizia oili iliyoganda. Mombasa hatuna kisingizio hicho: hata Julai alfajiri huzunguka nyuzi 20. Hapa kwetu oili imechelewa kwa sababu imeondoka yote, au imewekwa nzito kuliko injini inavyotaka, au tenshena yenyewe imechoka.

Anza na filta. Filta nzuri ina kilimi cha mpira ndani kinachozuia oili isirudi injini ikizimwa. Filta za bei ya kutupa huwa hazina, au zinacho kigumu kama kadibodi. Fungua filta asubuhi kabla ya kuwasha: kama ilivyokaa kwenye gari lako inapaswa kubaki na oili, nawe ukaikuta tupu, umeshapata mshukiwa.

Kisha uzito wa oili. Kuna imani hapa Pwani kwamba kwa joto letu lazima umimine 20W-50. Kwa injini iliyotengenezwa zamani na mianya mipana, sawa, haikuwa na shida. Lakini kwa 1NZ, ambayo kitabu chake kinataja 5W-30, oili nzito inachelewa kufika juu, na mfumo wa VVT-i, unaosogeza taimingi ya kamu kwa presha ya oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba, unaanza kusita. Soma kitabu cha gari, si maandishi makubwa ya dukani.

Mwalimu mmoja wa Likoni aliniletea Vitz yenye mlio huo. Alikuwa ameshaambiwa anunue cheni.

"Mwalimu, oili ilibadilishwa lini mara ya mwisho?"

"Mwezi wa nne, fundi. Lakini sijatembea sana, kilomita elfu tatu tu."

Tulikuwa Oktoba. Nilipochomoa kijiti cha oili, nusu ya chini ndiyo iliyolowa, na oili yenyewe nyeusi kama masizi ya sufuria. Tukamwaga, tukaweka filta ya maana na oili inayotakiwa, nikamwambia arudi baada ya kilomita 1,000 tumwage tena. Aliporudi mlio ulikuwa umebaki wa kufumba na kufumbua. Baada ya oili ya pili haukusikika tena. Kwa nini oili ya kilomita elfu tatu ilikuwa imechakaa hivyo, nitarudi hapo, maana kivuko cha feri kimo.

Kama umefanya hayo na mlio umebaki palepale, sasa shuku tenshena. Katika 1ZZ tenshena inachomolewa kwa nje, nati mbili tu za kumi, bila kufungua kava ya mbele. Angalia kipistoni kimetoka kiasi gani: kikiwa kimefika mwisho wa meno yake, tenshena haina makosa, cheni ndiyo ndefu. Kikiwa bado kina nafasi lakini kinateleza kurudi ndani ukikibonyeza kwa kidole, tenshena ndiyo mbovu. Ila nakusihi: tenshena ikiwa nje usizungushe injini hata robo. Na unapoirudisha, ibonyeze kipistoni ndani, ukifunge kwa ndoano yake, funga nati, kisha rudisha kranki nyuma kidogo ili ndoano ifyatuke na kipistoni kikaze reli. Kuna waliosahau hatua hiyo wakawasha injini yenye cheni legevu.

Inalia ikiwa moto, ukikanyaga mafuta inanyamaza

Hapa presha ya oili ni ndogo injini ikinguruma polepole. Kijiti kwanza, daima. Kama oili iko sawa, chomoa swichi ya presha na ufunge geji ya kupimia. Usiamini taa ya dashibodi, maana inawaka presha ikiwa imeshafika pabaya. Presha ikiwa chini, uwezekano ni pampu iliyolika, chujio la sampu lililoziba, au beringi za kranki. Cheni mpya juu ya presha mbovu ni pesa ya kutupa baharini.

Mlio unaokuja ukiachia mafuta ghafla kutoka mizunguko 2,500 hivi kwa dakika ni habari nyingine. Hapo cheni inapiga reli au kava, na mara nyingi reli imeshameguka. Huo usiusubirie mwisho wa mwezi.

Kelele isiyo ya cheni kabisa

Alteneta, pampu ya maji na kikaza belti vyote vinakaa upande uleule wa cheni, na beringi zake zikifa hulia karibu sawa. Kipimo ni rahisi mpaka nashangaa kwa nini hakifanywi: injini ikiwa baridi, toa belti ya nje, washa kwa nusu dakika, sikiliza, zima. Usizidishe, maana kwenye injini nyingi pampu ya maji haizunguki. Kelele ikitoweka, cheni haina hatia. Probox moja ya kubeba mikate ilifika kwangu ikiwa imeshabadilishwa cheni kwingine na bado inalia vilevile. Ilikuwa puli ya alteneta.

Valvu zilizolegea hutoa tiktiki nyembamba yenye mpangilio, juu kwenye kava ya valvu. Bati la kukinga joto la eksozi likilegea hutetemeka ovyo na huacha ukilibonyeza kwa mti. Kondirodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, inapogonga ni mlio mzito wa chini unaozidi ukikanyaga; hiyo zima injini, usisikilize zaidi. Mlio wa cheni uko kati ya hizo: mkavu, wa kukwaruza, mbele ya injini, nyuma ya kava. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kava, mpini sikioni, mkono na nguo mbali na belti.

Taa ya injini imewaka

Mashine ya kupimia kompyuta ya gari inasoma namba ya hitilafu P0016, na mwenye mashine anasema "cheni". P0016 inasema tu kwamba kompyuta inaona kranki na kamu hazipatani. Inaweza kuwa cheni ndefu au iliyoruka jino. Inaweza pia kuwa sensa, waya, au giya ya VVT-i iliyokwama. P0011 na P0012 zinahusu kamu kutangulia au kuchelewa, na kwenye Toyota ninaanza na valvu ya oili ya VVT-i na kichujio chake kidogo, ambacho oili chafu hukiziba. P0340 ni ishara ya sensa ya kamu, P0335 ya kranki.

Mji huu una chumvi hewani. Gari linalolala Nyali au Shelly karibu na ufuo hupata kutu ya kijani kwenye plagi za sensa, na kutu hiyo inaigiza ugonjwa wa cheni vizuri sana. Chomoa plagi, itazame, isafishe kwa dawa ya umeme, irudishe, futa namba, endesha siku mbili. Namba ikirudi, hapo uangalie namba hai za kompyuta: pembe ya kamu injini ikiwa moto na imetulia. Cheni iliyolika humfanya kamu achelewe kila wakati, kiasi kilekile, leo na kesho. Sensa mbovu hurukaruka.

Gari zito, linakula mafuta, asubuhi ni tabu kuwaka

Kamu ikichelewa, valvu za kuingiza hewa zinafunga wakati pistoni imeshapanda kupita kiasi, na sehemu ya hewa inarudishwa ilikotoka. Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inashuka, na gari linakosa nguvu za chini. Utalijua ukipanda daraja la Nyali ukiwa na abiria wanne: linavuta kwa shida, likishashika mbio linapata afueni.

Lakini dalili hizo zina sababu nyingi za bei nafuu. Plagi, koili, filta ya hewa, throto chafu, pampu ya petroli. Maliza hizo, kisha pima kompresheni. Silinda zote zikiwa chini kwa kiasi kinacholingana, taimingi inaingia kwenye orodha. Moja tu ikiwa chini, tafuta valvu au ringi, uiache cheni.

Soma oili unayomwaga

Usiimwage mtaroni ukasahau (na mtaroni usimwage kabisa). Ipitishe kwenye kitambaa, ukate filta, na ushike sumaku mkononi. Vipande vya plastiki vya rangi ya kahawia au nyeusi ni reli zinazovunjika. Vikifika kwenye chujio la sampu vitaikaba pampu. Vumbi la chuma linaloshika sumaku ni pini na meno ya sproketi, magurudumu yanayoshika cheni. Vipande vyeupe vinavyong'aa visivyoshika sumaku ni aluminiamu: cheni inakula kava. Ukiona hicho cha mwisho, gari lisiondoke gereji.

Imezima njiani, staata inazunguka haraka na kwa wepesi

Acha. Usipige staata mara ya pili, usisukumwe na vijana, usivutwe na gari lingine ukaingiza gia. Wepesi huo maana yake kompresheni haipo, na huenda cheni imeruka au imekatika. Kwenye injini nyingi za cheni pistoni na valvu zinatumia nafasi moja kwa zamu. Zamu ikivurugika zinagongana, na kila mzunguko wa ziada unapinda valvu nyingine. Ita gari la kuvuta, hata kama umekwama Kibarani saa ya jioni na honi zote zinakupigia wewe.

Kufungua ili kuthibitisha

Toa kava ya valvu, weka silinda ya kwanza juu kwa alama ya puli ya kranki, utazame alama za sproketi za kamu. Hapa fundi mchanga hupotea: anatafuta viungo vya rangi vya cheni, anaona havijalingana na alama, anatangaza cheni imeruka. Viungo vya rangi ni vya siku ya kufunga tu. Injini ikishazunguka, huchukua mizunguko mingi sana mpaka vikutane na alama tena. Tazama alama za sproketi zenyewe. Zikiwa nyuma kidogo, chini ya jino zima, cheni imelika. Zikiwa nyuma jino zima au zaidi, imeruka.

Cheni ikishatoka, ilaze kwa ubavu mikononi, ukiishika ncha mbili. Ikining'inia kama kamba ya nguo, imekwisha. Kitabu cha injini kina kipimo cha urefu wa viungo kadhaa cheni ikiwa imevutwa. Kitumie ukiwa nacho, kuliko jicho.

Ukibadilisha

Badilisha seti: cheni, tenshena, reli zote, sproketi, na sili ya mbele ya kranki. Meno ya sproketi ya zamani yamechongoka kufuata cheni ya zamani, nayo yataila mpya. Najua mwenye gari atasema reli bado nzima. Plastiki ya miaka 15 iliyopikwa kwenye oili inaonekana nzima mpaka siku unapoigusa.

Kuna wanaouza cheni zilizotolewa kwenye injini kutoka Japani wakisema ni imara kuliko mpya za bandia. Kuhusu bandia wana hoja. Lakini magari tunayopokea bandarini, kwa sheria inayokataa yaliyozidi miaka 8, hayafiki yakiwa machanga, na cheni iliyokwisha kulika ugenini sioni sababu ya kuifunga tena kwa gharama ileile ya ufundi. Nunua mpya ya jina linalojulikana, kwa duka litakalokubali irudi.

Silikoni ya kava iwe uzi mwembamba. Inayofurika ndani hukatika na kuishia kwenye chujio la oili. Ukimaliza kufunga, zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili, ukaangalie alama tena. Ikigoma mahali, usilazimishe. Halafu chomoa umeme wa koili na wa injekta, piga staata kwa vipande vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe. Mlio wa sekunde chache mara ya kwanza usikutie hofu.

Na wale wa kusafisha injini kwa mafuta ya taa kabla ya kumwaga oili: kwa injini yenye utope wa miaka, utope huo unabanduka mabonge na kwenda kuziba chujio. Oili mbili za muda mfupi, kama tulivyofanya kwa Mwalimu, zinasafisha polepole bila vurugu.

Saa, si kilomita

Sasa turudi Likoni. Mwalimu alikuwa akivuka feri kwenda na kurudi siku sita kwa wiki. Tukisema kusubiri na kujikokota kunamla saa moja kwa siku, injini ikinguruma kwa ajili ya hewa baridi, ni saa 26 kwa mwezi. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa, hizo ni kama kilomita 1,040 kila mwezi ambazo mita haikuziandika. Kwa miezi sita, zaidi ya 6,000. Ongeza kwenye zile elfu tatu, uone oili ile ilikuwa na umri gani hasa.

Ndiyo maana mteja wa feri, wa foleni ya Changamwe, au wa tuktuk mbele na matatu nyuma pale Kongowea, simwandikii kilomita 5,000. Namwandikia 3,500 au miezi minne, kinachotangulia. Anayekwenda Voi na kurudi kila siku kwa barabara iliyonyooka anaweza kufika 5,000 bila shida. Na kijiti cha oili kichomolewe kila Jumamosi, gari likiwa limelala mahali pa bapa, kabla ya kuwashwa. Injini nyingi za umri huu zinakunywa oili kidogo, na tenshena ni miongoni mwa vya kwanza kulia ikipungua.

Mwalimu siku hizi huzima injini akifika kwenye foleni ya feri na kushusha vioo. Analalamika joto. Vitz hailii.